Beji za wanawake wa vitani: ipi ilikabidhiwa, ipi ilinunuliwa dukani

Chukua beji mbili za ATS, jeshi la wanawake wasaidizi la Uingereza lililoanzishwa Septemba 1938. Zote zina herufi hizo tatu ndani ya shada la majani, na taji la mfalme juu yake. Ya kwanza ni ya shaba njano, nzito kidogo mkononi, haina urembo wowote. Ya pili ni ndogo, ya fedha, imebandikwa juu ya kiduara cha ganda la chaza linalometameta. Wauzaji wa mtandaoni wataziita zote mbili beji ya kijeshi ya mwanamke, na si ajabu ile ya pili ikapewa bei ya juu kwa kuwa inapendeza. Lakini ya kwanza ndiyo iliyotoka stoo ya jeshi, ikakabidhiwa msichana pamoja na kofia, koti na viatu. Ya pili iliuzwa na sonara. Huenda askari mwenyewe aliinunua aivae siku za likizo, huenda alimnunulia mama yake, na aliyeivaa pengine hakuwahi kupiga saluti maishani mwake.

Tofauti hiyo, kati ya kilichokabidhiwa na kilichonunuliwa, ndiyo shina la mada hii nzima. Ukiishika, mengi yanayowachanganya wanaoanza kukusanya beji za wanawake wa vitani yanakaa sawa. Usipoishika utajaza sanduku vitu vizuri visivyokuambia lolote kuhusu wanawake unaodhani unawaenzi.

Mkanganyiko una sababu zake. Vitu hivi vimetoka mikono tofauti kwa makusudi tofauti, kisha vikachanganyikana kwenye madroo ya familia kwa miaka 80 au 100. Kuna alama za sare, ambazo jeshi liliziandikia kanuni: zivaliwe wapi, na nani, upande gani wa kola. Kuna beji walizopewa raia waliofanya kazi za vita viwandani na mashambani. Kuna za kuagia jeshi, alizopewa mtu siku anavua sare. Halafu kuna za familia, na hizi ndizo zinazowapoteza watu zaidi. Marekani, mama mwenye mtoto jeshini alivaa pini yenye nyota ya buluu, ishara iliyotokana na bendera aliyoibuni Kapteni Robert Queisser wa Ohio mwaka 1917, ambaye wanawe wawili walikuwa vitani. Pini hiyo ilivaliwa na mwanamke, wakati wa vita, kwa fahari kubwa, ila habari inayoieleza ni ya mtoto wake. Nyingi zilitengenezwa na wafanyabiashara na kuuzwa madukani. Mwaka 1947 bunge la Marekani likaidhinisha pini ya nyota ya dhahabu kwa jamaa wa waliokufa vitani, na hiyo serikali yenyewe ndiyo iliyoitoa. Kwa hiyo hata ndani ya pini za familia mpaka uleule unapita katikati.

Pembetatu ya 1916

Ili kuelewa kwa nini serikali iliwagawia raia beji, turudi Agosti 1914. Katika mji wa Folkestone, admirali mstaafu Charles Penrose-Fitzgerald aliwakusanya wanawake 30 wawagawie manyoya meupe wanaume waliovaa nguo za kiraia, kuwaaibisha kwamba ni waoga waliokimbia vita. Jambo likaenea nchi nzima. Fundi aliyekuwa akitengeneza makombora usiku na mchana akajikuta anachomekewa unyoya ndani ya tramu, mbele za watu. Serikali ikaanza kutoa beji zenye maneno ON WAR SERVICE, kwanza za mwaka 1914, kisha za 1915, ili fundi aachwe kwa amani, na pia asishawishiwe kujiandikisha jeshini wakati kiwandani anahitajika zaidi. Za wanaume zilitengenezwa za kuchomeka kwenye tundu la kifungo kwenye ukosi wa koti.

Mwaka 1916 ikaja ya wanawake. Ni pembetatu ya shaba njano, yenye maneno yaleyale na mwaka 1916. Ukiigeuza unakuta sindano ya bruchi, pambo la kuchomeka kwenye nguo, yenye bawaba upande mmoja na kishikizo upande wa pili, kwa kuwa blauzi na gauni havikuwa na tundu la kifungo la ukosi, na unakuta namba iliyopigwa kwenye chuma. Itazame vizuri uone jambo lisilosemwa mara nyingi. Mwanamke hakuwa akiogopa unyoya mweupe wala kuandikishwa jeshini kwa lazima; hakukuwa na sheria ya kumpeleka kwenye mahandaki ya Ufaransa. Beji ya mwanaume ilikuwa kinga. Ya mwanamke haikumkinga na chochote. Ilikuwa ni serikali kukiri hadharani, kwa chuma na kwa namba, kwamba anachokifanya ni kazi ya vita. Kwangu mimi hii ndiyo beji yenye uzito kuliko zote katika mada hii, ijapokuwa madini yake ni ya bei rahisi na bado inapatikana bila taabu kubwa.

Aliivaa wapi? Kama kazi yake ilikuwa kujaza baruti, hakuivaa kazini. Viwanda vya kujaza makombora havikuruhusu chuma mwilini: pini za nywele, pete, vifungo, vyote viliachwa nje, maana cheche moja ilitosha. Usiku wa 5 Desemba 1916, katika kiwanda cha Barnbow karibu na Leeds, kombora lililipuka ndani ya chumba namba 42 na kuua wanawake 35. Wengi wao walitambuliwa kwa visahani vya utambulisho walivyokuwa wamevaa shingoni. Magazeti hayakuruhusiwa kueleza kilichotokea. Wenzao walioshika TNT, kemikali ya mlipuko, kila siku walibadilika rangi ya ngozi na nywele hadi kuwa njano, watu wakawaita kanari, jina la ndege wadogo wa njano. Pembetatu, basi, ilikuwa ya barabarani, ya kwenye treni, ya kanisani Jumapili. Ilimweleza mpita njia kwa nini mikono ya huyu binti ina rangi ile.

Namba iliyo nyuma

Beji nyingine inayopita mikononi mwa watu bila kutambuliwa ni ya fedha iliyoanzishwa Septemba 1916 kwa ajili ya walioondolewa jeshini kwa majeraha au maradhi. Ni ya duara, ina kifupisho cha jina la Mfalme George V katikati, na ukingoni imeandikwa FOR KING AND EMPIRE, SERVICES RENDERED. Ilivaliwa kulia kifuani, juu ya nguo za kiraia tu. Zilitolewa zipatazo 1,150,000, nyingi mno kwa wanaume, ndiyo maana wauzaji huiita beji ya askari bila kufikiri mara mbili.

Lakini Aprili 1918 masharti yalipanuliwa, wakaingia wauguzi wanawake na wahudumu wengine waliofanya kazi pamoja na jeshi. Hawakutengenezewa beji yao. Walipewa ileile, fedha ileile, maneno yaleyale. Ukiziweka mbili mezani, ya askari aliyepoteza mguu na ya muuguzi aliyevunjika afya hospitalini, jicho haliwezi kuzitofautisha. Kinachozitofautisha ni namba iliyo nyuma. Namba hiyo si namba ya askari, kosa ambalo hata wauzaji wazoefu hulifanya. Ni namba ya beji yenyewe, na iliandikwa kwenye daftari pamoja na jina la aliyepewa. Madaftari hayo yamehifadhiwa katika nyaraka za taifa za Uingereza huko Kew, na nakala zake zinasomeka mtandaoni. Ndiyo maana wanaojua kazi hawanunui beji hii kabla ya kuiona mgongo. Muuzaji akikutumia picha ya uso pekee, omba ya nyuma. Akikataa, achana naye.

Namba ina thamani kubwa zaidi ukikumbuka kilichofuata vita vilivyokuja baadaye. Medali za Uingereza za Vita vya Kwanza zilichapwa jina la mwenyewe ukingoni. Za Vita vya Pili, Waingereza walipelekewa nyumbani kwa posta bila jina lolote. Mwanamke aliyeendesha lori la ATS miaka minne na jirani yake aliyefanya kazi ya ulinzi wa raia wangeweza kuwa na medali zinazofanana kabisa, na siku watoto wao wanapozichanganya kwenye droo moja hakuna wa kuzitenganisha. Karatasi ndiyo inayookoa: kitabu cha malipo, cheti cha kuachishwa, bahasha yenye anwani.

Wauguzi wa kijeshi wana hadithi yao, na ningependa mtu yeyote anayependa vitu vizuri aanze nao. Huduma ya wauguzi wa jeshi iliyopewa jina la Malkia Alexandra, QAIMNS, iliundwa mwaka 1902. Malkia huyo alikuwa Mdenmaki, na ndiyo sababu alama ya wauguzi wa jeshi la Uingereza ina msalaba wa Dannebrog, ule wa bendera ya Denmark, pamoja na herufi A. Beji hizi zilitengenezwa kwa fedha na nyingi zina mihuri ya ukaguzi wa fedha nyuma: alama ya mji, alama ya ubora na herufi ya mwaka. Herufi hiyo ikisomwa kwenye jedwali la mji husika inakuambia mwaka uliokaguliwa, ushahidi ambao beji ya shaba haiwezi kukupa. Jambo moja la kuangalia hapa: kati ya mihuri hiyo mara nyingi kuna nanga ndogo. Wanaoanza huiona wakadhani wamepata beji ya jeshi la majini. Nanga ni alama ya ofisi ya ukaguzi ya Birmingham, mji ulio mbali na bahari, ambao ndiko zilikotoka beji nyingi za Uingereza, zikiwemo za kampuni ya J.R. Gaunt.

Taji na plastiki

Kwa beji za Vita vya Pili, kipimo cha haraka kuliko vyote ni taji. Chini ya George VI beji zilibeba taji ambalo matao yake yanapanda na kukutana juu kwa umbo la kuba. Elizabeth II aliporithi kiti mwaka 1952 likaja taji lingine, lenye matao yaliyobonyea katikati, mithili ya mabega mawili. ATS ilivunjwa mwanzoni mwa 1949, nafasi yake ikachukuliwa na WRAC, jeshi jipya la wanawake. Kwa hiyo beji ya ATS yenye taji la Elizabeth haiwezekani kuwapo, hata muuzaji akikuapia kwamba ni kwa sababu malkia mwenyewe alitumikia ATS. Ni kweli alitumikia. Alijiunga mapema 1945 akiwa bado binti mfalme, akafundishwa udereva na ufundi wa magari. Kofia yake ilibeba taji la baba yake. Siku hizi kipimo hiki kimepata utata mdogo, maana Charles III amelirudisha taji la matao ya kuba tangu 2022, na nakala mpya za ukumbusho zinazotengenezwa sasa zinaweza kumpumbaza mtu anayetazama taji peke yake.

Kuna beji za ATS zisizo za chuma kabisa. Shaba ilihitajika kwa risasi, na kuanzia katikati ya vita jeshi likatengeneza beji za kofia za plastiki, za kahawia au za rangi ya fedha. Kampuni ya A. Stanley & Sons ya Walsall ndiyo jina utakalolikuta mara nyingi nyuma yake. Watu huzitupa wakidhani ni za watoto kuchezea. Ni halisi, na zinaonyesha hali ya nchi kuliko zile zinazong'aa. Tangu Desemba 1941 sheria iliruhusu Uingereza kuwaandikisha kwa lazima wanawake wasioolewa wa miaka 20 hadi 30. Wasichana waliokuwa wakiingia kambini walikuta hata chuma cha kofia zao kimekwenda vitani.

Beji ya Jeshi la Wanawake la Mashambani, WLA, nayo huwatesa wengi. Hawa walilima, walikamua, waliendesha matrekta, wakalisha nchi iliyozingirwa na nyambizi. Alama yao ni mganda wa ngano. Vita vilipokaribia kwisha, serikali ikakataa kuwapa marupurupu ya kuanzia maisha kama waliyopewa wanawake wa majeshi mengine, na mkurugenzi wao, Lady Denman, akajiuzulu Februari 1945 kwa kupinga jambo hilo. Hakuishia kulalamika tu akabaki ofisini; aliondoka. Zaidi ya miaka 60 ilipita ndipo serikali, mwaka 2008, ikatoa beji ya shukrani kwa waliokuwa bado hai, wa WLA na wa kikosi cha wakata miti. Ina mganda wa ngano umezungukwa na matawi na makoko ya msonobari, na taji juu. Sasa beji hiyo inauzwa mara kwa mara kama ya wakati wa vita, wakati mwingine kwa kutojua tu. Mtu anaweza kusema basi haina maana. Mimi sikubali. Ilitolewa na serikali, kwa mwanamke aliyetumikia, akiwa na miaka 80 na kitu, na barua yake. Imekabidhiwa. Ila iitwe jina lake na mwaka wake.

Wamarekani, na swali la nani ni askari

Marekani iliunda WAAC Mei 1942 chini ya Oveta Culp Hobby. Lilikuwa jeshi saidizi: wanawake walivaa sare na kutii amri lakini hawakuwa ndani ya jeshi lenyewe. Julai 1943 sheria mpya ikaondoa neno la usaidizi, likawa WAC, sehemu kamili ya jeshi. Badiliko hilo la kisheria linaonekana kwenye chuma. WAAC ilikuwa na tai wake wa kofiani na wa vifungoni, mwenye umbo tofauti na tai wa jeshi la wanaume. WAC walipewa tai wa jeshi. Tai wa WAAC alitumika muda wa mwaka mmoja na kidogo, ndiyo maana anatafutwa. Kichwa cha Pallas Athene, mungu wa kike wa Wagiriki wa kale, kilichokaa kwenye kola kiliendelea, kwa hiyo kola peke yake haiwezi kukuambia mwenyewe alitumikia chini ya sheria ipi. Waliotumikia vipindi vyote viwili waliwekewa medali yao, iliyoanzishwa Julai 1943, yenye sura ya Athene huyo huyo upande wa mbele na miaka 1942–1943 nyuma.

Walioondoka jeshini kwa heshima, wanawake kwa wanaume, walipewa pini ndogo ya tai aliyekunjua mbawa ndani ya duara, mchoro wa Anthony de Francisci, aliyechora pia dola ya fedha ya 1921. Askari walimtania huyo tai wakamwita bata. Madini yalipoadimika zikatengenezwa za plastiki. Zilitolewa kwa mamilioni, na pini hiyo ikiwa peke yake haina njia ya kukuambia ilikuwa ya nani.

Swali gumu kuliko yote liko kwa WASP, marubani wanawake wa Marekani. Waliundwa Agosti 1943 chini ya Jacqueline Cochran, wakafunzwa Avenger Field, Sweetwater, Texas, wakahitimu 1,074. Walihamisha ndege za kivita kutoka viwandani, walivuta shabaha angani ili wapiga mizinga wajifunze kulenga kwa risasi za kweli, walijaribu ndege zilizotoka matengenezoni. Walikufa 38. Kwa sababu kisheria walikuwa raia, jeshi halikugharimia kurudisha miili, wenzao walichangishana. Kikosi kikavunjwa Desemba 1944, na heshima ya kuwa askari wastaafu hawakuipata hadi 1977. Sasa shika mbawa zao za fedha: je, ni beji ya kijeshi? Jeshi ndilo lililowavisha siku ya kuhitimu, kwa gwaride, kisha sheria ikasema si askari. Jibu langu ni ndiyo, bila kusita, kwa kuwa kilichokabidhiwa kinapimwa kwa aliyekabidhi na kwa kazi iliyofanywa.

Mbawa hizo zenyewe ziko za aina mbili kubwa. Madarasa saba ya mwanzo yalivaa mbawa za marubani zilizofanyiwa marekebisho, zenye ngao katikati iliyochongwa alama ya darasa. Kuanzia la nane zikaja mbawa rasmi zenye umbo la almasi katikati badala ya ngao. Kwa kuwa wahitimu walikuwa 1,074 tu na wanaozitaka ni wengi, nakala zimejaa sokoni, baadhi zikiuzwa wazi kama ukumbusho, nyingine zikikwanguliwa na kupakwa uchafu ili zizeeke. Bila jina la rubani na karatasi zake, chukulia kwamba ni nakala.

Kutoka Kilindini

Afrika Mashariki imo katika hadithi hii, na imo kwa huzuni. Mapema Februari 1944 msafara wa meli uitwao KR 8 uliondoka Kilindini kwenda Colombo. Ndani ya SS Khedive Ismail walikuwamo watu 1,511: askari wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, wanamaji, na wanawake zaidi ya 80. Hao walikuwa wauguzi wa jeshi, wanawake wa jeshi la majini, na wa WTS, tawi lililokuwa na mizizi kwa walowezi wa Kenya chini ya FANY, kikosi cha wanawake wa kujitolea cha Uingereza. Tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga meli kwa topido. Ilizama kwa muda wa dakika chache tu. Walikufa 1,297. Wanaume 208 waliokolewa, wanawake, 6. Hakuna tukio jingine lililoua wanawake wengi kiasi hicho kwa mpigo katika majeshi ya Jumuiya ya Madola. Kwenye makaburi ya vita ya Nairobi, barabara ya Ngong, mnara wa Afrika Mashariki una majina ya askari wetu waliozama siku ile.

Kwa mkusanyaji, msiba kama huu una hatari yake. Majina ya waliokufa yako wazi kwenye minara, na mtu mwenye beji ya uuguzi isiyo na historia anaweza kuchagua jina moja, akalifunga kwenye beji, bei ikapanda mara kadhaa. Beji waliyokuwa nayo wanawake hao iko chini ya Bahari ya Hindi. Kilichobaki ni kile walichoacha nyumbani: picha, barua, beji ya ziada. Ukiambiwa beji ni ya mmoja wao, dai mnyororo mzima wa karatasi kutoka kwa familia, na usione haya kudai.

Tena WTS ilikuwa ya wanawake wa Kizungu. Wanawake Waafrika hawakuandikishwa humo, na hakuna beji utakayokuta kwenye mnada inayowataja wale waliobeba vita mabegani mwao katika ardhi hii. Msafara wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, katika Vita vya Kwanza ulitembea na wake wa askari na watoto wao kutoka Tanzania ya sasa hadi Msumbiji na kurudi. Walipika, walibeba mizigo, walizaa njiani. Sanamu za askari zilizowekwa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam miaka ya 1920 zote ni za wanaume. Anayekusanya beji za wanawake wa vitani kutoka Afrika Mashariki anakusanya, kwa vyovyote, rekodi ya waliohesabiwa. Ni vema alijue hilo na aliseme anapoonyesha mkusanyiko wake.

Mgongoni ndiko ukweli uliko

Nimesharudia mara kadhaa kwamba beji igeuzwe, na sasa nieleze unachotafuta. Beji halisi za miaka hiyo nyingi zilipigwa kwa mashine juu ya karatasi ya chuma: mistari yake ni mikali, kingo zimekatwa safi, na mara nyingi mgongo una mabonde yanayofuata mchoro wa mbele. Nakala nyingi humiminwa kwenye kalibu iliyotolewa kutoka beji halisi, basi mchoro unalegea, herufi zinanenepa, na ukitazama kwa lenzi unaona vitundu vidogo vya hewa. Nakala iliyomiminwa pia huwa ndogo kidogo kuliko asili, maana chuma husinyaa kikipoa. Ndiyo maana rula ni chombo muhimu kuliko maelezo ya muuzaji.

Tazama lehemu ya sindano. Sindano iliyobadilishwa si lazima iwe uongo, kwani watu walivaa vitu hivi na vikavunjika, ila lehemu mpya inayong'aa juu ya chuma kilichozeeka inahitaji maelezo. Beji ya kofia iliyogeuzwa kuwa bruchi ni jambo la kawaida sana baada ya vita. Wenyewe walizipeleka kwa sonara zikatiwa sindano. Mimi huzipenda hizo, kwa kuwa zinaonyesha mwanamke hakutaka kuiacha kwenye sanduku. Rangi ya enameli, ile ya kioo kilichochomwa juu ya chuma, ikipasuka inapasuka kama kioo. Ya kisasa ya plastiki hubonyea na kuchunika.

Usiisugue. Dawa ya kung'arishia shaba inakula mistari na inabaki kwenye pembe kama unga mweupe, na hakuna mkusanyaji makini atakayeifurahia. Kitambaa kikavu kinatosha, na sanduku lisilo na unyevu, jambo ambalo ukiwa Mombasa au Zanzibar linahitaji bidii kidogo.

Na kama beji imekufikia kutoka kwa bibi au shangazi, kazi ya kwanza ni kuuliza wazee waliobaki kabla ya kwenda kwa muuzaji yeyote. Andika alikotumikia, kituo, mwaka, picha ipi inamwonyesha nayo. Zaidi ya yote andika jina lake la kabla ya kuolewa, kwa tahajia zote wanazozikumbuka. Madaftari ya jeshi yalimwandika kwa jina hilo, familia inamkumbuka kwa jina la mume, na wanawake wengi wamepotea katikati ya majina hayo mawili huku namba ya beji yao ikisomeka vizuri kabisa.